Milimita Nane

Wiki ya tatu taa inawaka,
duara na vistari pembeni,
njano kama jicho la mwenye homa ya manjano.
Gereji ya Kajaani walisema: badilisha zote, yuro mia nne.
Tellervo akafunga pochi.

Leo, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
ametandika gunia juu ya barafu,
jeki imeinua gari upande wa kushoto,
spana inamng'ata vidole hata ndani ya glavu.

Pedi anazipima kwa rula ya mjukuu:
milimita nane.
Anarudia. Nane!
Basi nani anayelia?

Anaufuata waya kwa kidole nyuma ya gurudumu,
polepole, kama asomaye barua iliyolowa,
mpaka kwenye plagi.
Chumvi ya barabarani imeutafuna,
shaba imegeuka kijani, imekatika.

Mjumbe hauawi, sawa,
lakini huyu hakutumwa na breki.
Alikuwa akitangaza msiba wake mwenyewe.

Anaunganisha ncha mbili
kwa kipande cha waya wa kengele ya mlango,
anazungusha ufunguo.
Dashibodi kimya.

Anabaki kitini, mikono kwenye usukani, pumzi ikifanya ukungu kiooni,
akimfikiria dada yake Irja
apigaye simu kila usiku kusema moyo unataka kusimama,
na madaktari wanapima, wanapima, hawaoni kitu.
Naye humjibu: lala, Irja, huna ugonjwa.

Hajawahi kumuuliza
ni wapi palipokatika.