Daftari la Viatu

Mtaa wetu, hapa Tbilisi, una tanuri chini ya ardhi.
Hutaliona ukitembea kichwa juu.
Dirisha lake liko usawa wa vifundo vya miguu,
kioo chenye ukungu, kilango cha kupitishia mkono,
na mbele yake theluji haimalizi siku.
Paka wanalijua hilo. Njiwa pia.
Wageni hupita wakipiga picha roshani za mbao.

Nugzar huanza saa tisa usiku.
Akitaka kubandika donge ukutani mwa tanuri
huzama humo kichwa mbele, hadi kiunoni,
nyayo zikibaki hewani,
ukadhani udongo umemmeza,
kisha ukamtapika,
na baadaye mkate: mrefu, umejipinda kama mundu,
ncha zake zimeungua kidogo.
Mimi nazipenda ncha hizo.
Sijawahi kufika nazo nyumbani.

Sura zetu hazijui. Anatujua kwa viatu.
Daftari lake la madeni nimelisoma mwenyewe:
Buti za Kamba Moja, mikate miwili.
Kahawia Anayeburuta Mguu, mmoja, na ule wa Jumanne.
Raba za Manjano (hapa amechora ua).
Mimi ni Vyeupe vya Hospitali,
nitokaye zamu ya usiku nikinuka dawa ya sakafu.
Nadaiwa mitano.
Bwana Avtandil wa ghorofa ya pili
alinunua viatu vipya wakati wa Pasaka
na deni lake likafa kifo cha kawaida.
Dawa ya deni ni kulipa, husema wenye pesa.
Avtandil aliipata nyingine sokoni, saizi arobaini na tatu.

Mwezi wa pili, baridi ya kugonganisha meno,
mkono ulitoka kilangoni ukanishika kisigino.
"Vyeupe," akasema Nugzar, "Buti za Bluu hazijapita.
Leo siku ya nne."
Nikamuuliza ni nani. Akaniuliza mimi.
Tukawa wawili tusiojua jina la mtu
aliyekula mkate wetu miaka kumi na mmoja.
Alichojua: hatua fupi, mlango wa tatu,
akipokea mkate huuvunja palepale,
makombo kwa njiwa kwanza.

Lifti yetu hula sarafu.
Nilikuwa nayo moja, ikaimeza,
ikafika ghorofa ya sita, ikasita.
Nikanusa milango. Huu, supu ya kabichi.
Huu, rangi mpya.
Wa mwisho haukunuka kitu,
nikabisha huo.

Akafungua mwenyewe, Bibi Tsiala,
aliyekuwa mwalimu wa jiografia, soksi tatu kila mguu.
Buti zilikuwa juu ya hita, midomo wazi,
soli zimekwenda zao.
"Siumwi," akasema kabla sijauliza. "Sina cha kuvaa."
Mezani chumvi, kitunguu,
bakuli la maharage yaliyopondwa juzi.
Mkate ulikuwa bado moto ndani ya koti langu.
Akaukata, akanipa ncha.
Alijuaje?
Tulikula tumesimama. Kwenye ramani ya ukutani
alinionyesha, kwa kidole chenye unga,
nchi mbili ambazo hazipo tena.

Alhamisi nikampelekea viatu vya marehemu mama,
vyekundu, vikubwa, akavijaza magazeti.
Akashuka kwa ngazi, ghorofa zote sita,
nami nyuma yake nikibeba mkoba usio na kitu.
Akainama kilangoni.
"Mgeni?" sauti ikauliza kutoka chini.
Hakujibu. Akapokea mkate,
akauvunja palepale.
Njiwa wakatua.

Kimya mle ndani, kitambo.
Kisha nikasikia penseli ikikwaruza,
na asubuhi iliyofuata nikaomba kuona:
Vyekundu. Ni yuleyule. Mitatu ya zamani iko palepale.