Gramu Nne

Mizani ya wodi yetu, hapa Arua,
ina ukaidi wa karani wa kodi:
ukiiwekea kitu kisichofika kilo
inasitasita, kama inayodai risiti.
Jumanne alfajiri nililaza juu yake
binti wa Kaltuma wa Yumbe,
aliyeitangulia miezi yake.
Gramu mia tisa na arobaini.
Nikaandika, nikafuta jasho, nikaandika tena.

"Kroshka," nikamwita.
Neno lilinitoka lenyewe,
kama lilivyokuwa likimtoka Galina,
mwenye nyumba wangu kule Voronezhi,
miaka sita ya kusomea uuguzi na baridi.
Kroshka ni chembe ya mkate
inayobaki mezani kisu kikishapita.
Kroshka ni mtoto wa jirani
anayejifunza ngazi kwa makalio.
Galina hakuona tofauti.
Alizikomba chembe kwa ukingo wa kiganja,
akazitia mdomoni, zote,
maana yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa vita.
Na kijiko cha sukari kikiwa juu ya chai yangu
aliuliza: "Chut-chut?"
Kidogo cha kidogo,
neno linalotembea kwa ncha za vidole.

Waingereza nao wana toti.
Toti ni mtoto wa kushikwa mkono,
na toti ni waragi ya mjomba Feni,
ile ya kifuko aliyoing'ata kwa jino
kabla serikali haijaipiga marufuku.
Mjomba alikuwa na toti saba nyumbani
na toti saba mfukoni.
Za mfukoni alizijua kwa majina.

Alhamisi akaja daktari mgeni, Mwingereza,
mpole, macho mekundu kwa safari.
Akainama juu ya kitanda cha kioo
akanong'ona, kwa huruma ya kweli: "Mait."
Kwao ni kiumbe kidogo cha kuonewa imani,
ni senti ya mjane katika kikapu cha sadaka.
Lakini sikio la Kaltuma halikusoma huko.
Yeye alisikia maiti.

Sitaiandika sauti ile.
Wanawake wa vitanda vya ukutani
walikwisha jifunga vitenge viunoni,
mmoja amekwisha vua viatu,
daktari amerudi nyuma mpaka kwenye sinki
hajui amemuua nani.
Nikapiga teke ndoo, nikateleza, nikafika.
Nikaukamata mkono wa Kaltuma
nikaupitisha kwenye kidirisha cha kioo,
kidole kimoja juu ya kifua cha binti.
"Hesabu," nikamwambia.
Akahesabu.
Alipofika arobaini, miguu ikamwishia, akakaa sakafuni.

"Ni neno lao la mtoto," nikasema.
"Basi walibadilishe," akasema Kaltuma.

Jioni Swadiki akatoka mtoni,
Enyau, anakochimba mchanga wa kuuza kwa lori.
Nikamnawisha mara tatu,
na bado ukamdondoka kwenye nyusi.
Kaltuma akaiokota punje moja kwenye shuka,
akaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa.
"Na sisi," akasema, "mtoto tunamwita huu."
"Ndiyo. Mchanga."
"Lori ni shilingi ngapi siku hizi?"
Swadiki akamtajia.
Wakacheka wote wawili, kwa hofu,
kama watu wanaocheka msikitini.

Maziwa yalipita kwenye mpira wa pua,
tone, kisha tone,
nami nikishika bomba la sindano juu
nikisema kimoyomoyo neno la Galina.
Kumbe halikuwa kimoyomoyo.
Siku ya tano nilimkuta Kaltuma
ameshika bomba mwenyewe, shingo imekakamaa,
anayasihi maziwa: "Chuti. Chuti. Chuti."

Alipungua kwanza, kama wapunguavyo.
Kisha mizani ikaacha kusitasita.
Jumatatu ya tatu: kilo moja na gramu nne.

"Hizo nne," akauliza Kaltuma, "ni kiasi gani?"
Nikaenda kwenye kabati la chai
nikamletea kijiko cha sukari,
kile kidogo, kisichojaa sana.

Akakipokea kwa mikono miwili.
Hakukiramba, hakukirudisha.
Alikaa nacho hivyo mpaka chakula cha mchana.