Njia ya Kapaa

Goti langu, leo huna la kulalamikia:
njia imesakafiwa, haina hata kilima cha sisimizi,
bahari iko mkono wa kulia, inapumua.

Majogoo wa Kauai hawana mwenyewe.
Wanawika saa nne, saa saba, wapendavyo.

Puanani anasukuma kiti cha mumewe,
magurudumu yananong'ona juu ya saruji.
"Sili yule," ananionyesha, "amelala tangu jana."
Wamemzungushia kamba asisumbuliwe.
Mnene, mchanga umemjaa puani,
hana pa kwenda.

Nilipanga kufika darajani.
Sasa niko kwenye benchi, viatu pembeni,
nanasi linanichuruzika hadi kiwikoni.

"Bado mbali?" nauliza.
Mumewe anacheka:
"Sisi mwaka wa sita huu, hatujafika."