Nipeleke Alipozama

Alishuka na treni ya asubuhi,
mwavuli mweusi kwapani, mwezi Agosti,
wakati ambao Dodoma hata umande ni uvumi.
Akaingiza kichwa kwenye bajaji yangu, akasema
kama mtu anayetaja kituo cha kawaida:
"Nipeleke alipozama tembo."

Miaka sita nabeba watu mji huu.
Wanataka Bunge, wanataka Chuo Kikuu,
wanataka gesti ya bei rahisi yenye maji na isiyo na kelele
(hiyo hata mimi naitafuta).
Tembo, hapana.
Lakini petroli ilikuwa imepanda. Nikasema, "Panda, Mwalimu."
Chaki haitoki kwenye kucha.

Nikampeleka kwanza wanakopiga picha wengine.
Mlima Simba: "Simba mwenyewe yuko wapi?"
Nikamwambia ni jiwe.
"Hilo naliona."
Mtumba, wizara baada ya wizara, vioo vinameremeta:
akapiga mwayo, akasema kwao Muleba vioo vipo.
Kwao Muleba, nilishaambiwa kabla hatujapita Ipagala,
kuna ziwa, kuna migomba, kuna mvua isiyobisha hodi.
Kwetu kuna upepo,
na siku ile ulibeba mchanga wa kutosha kujengea choo.

Nikampigia shangazi Sechelela, Nkuhungu.
"Shangazi, yule tembo, alididimia wapi hasa?"
Akacheka mpaka salio langu likaisha.
Kisha ujumbe: "Idodomya, ndivyo walivyosema. Wapi, hawakusema.
Tafuta penye tope. Na deni langu ulikumbuke."

Tope, mwezi wa nane.

Basi nikamshusha kwenye korongo, nyuma ya gereji, Chang'ombe.
Kandambili moja, ya kushoto. Mifuko. Tairi.
Mbuzi katikati kabisa, anatafuna boksi la sabuni.
"Ni hapa," nikasema, na sauti haikutetemeka,
Mungu anisamehe.

Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena,
kama vile kosa ni la miwani.
"Hapa," akasema, "hata huyo mbuzi hazami."
Akagonga ardhi kwa ncha ya mwavuli:
ko, ko, kama mlango wa ofisi siku ya sikukuu.

Miaka thelathini na mmoja, akaniambia, darasa la nne,
alimchora ubaoni, chaki ya buluu mpaka masikioni,
mkonga tu ndio uko juu.
Watoto wakaandika: Dodoma, maana yake amezama.
Vema. Vema. Vema.
Ila Kokugonza, dawati la mwisho, akanyoosha kidole:
"Mwalimu, nani alimtoa?"
"Hilo tutaliona muhula ujao."
Muhula ujao ulikuwa wa milima. Kisha akastaafu.
"Nilidhani nikifika nitakuta hata kibao," akasema.

Kibao sikuwa nacho. Nilikuwa na zabibu
za kununua njiani. Nikampa kishada.
Akala tatu. "Chachu." Akamaliza zilizobaki.
Nauli akalipa yote, bila kuomba nipunguze,
na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Mvua ya kwanza ilikuja Desemba, usiku, kwa fujo.
Asubuhi nikakatiza korongo lile lile, kiburi cha mwenyeji,
gurudumu la nyuma likaenda, likaenda,
tope la rangi ya chai ya maziwa likafika kwenye injini.
Wakatokea watu, sijui walikotoka:
fundi gereji na vijana wake wawili,
mama mwenye ndoo ya maandazi kichwani, hakuitua,
mwanafunzi aliyening'iniza viatu shingoni,
mlevi mmoja, wa kutoa amri.
"Moja, mbili..."
Wakagombana nani ahesabu.
"Tatu!"

Nimekaa kando ya barabara, natema matope,
nikashika simu nimwambie Mwalimu amwambie Kokugonza.
Namba yake sikuwahi kuichukua.

Mlevi akanyoosha mkono: hela ya soda, kwa wote.
Nikahesabu vichwa. Sita.
Mama wa maandazi akasema yeye nimhesabu mara mbili.