Lebo ya Tano

Chupa nambari arobaini na moja iko rafu ya chini,
upande wa dirisha linalotazama Rwenzori
siku ambazo Rwenzori inakubali kutazamwa.
Ndani yake fira wa msitu kajikunja,
kahawia kichwani, mkiani mweusi.
Spiriti imemnyonya rangi, kiburi imemwachia:
shingo kaiinua kidogo
kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

Na ameitwa sana.

Lebo ya kwanza ni wino wa zambarau,
mwandiko wa mtu mwenye safari:
Naja melanoleuca, Toro.
Ya pili imepigwa taipu, herufi a imeziba,
na jina limeota mkia: Naja melanoleuca subfulva,
jina la tatu, mtoto wa kambo
aliyetandikiwa mkeka sebuleni.
Ya tatu ikamkunjia mkeka.
Wataalamu walikaa, wakahesabu magamba,
wakasema hakuna mtoto hapa, ni baba yuleyule.
Toro nayo ikawa Bundibugyo.
Ya nne, jina halikuguswa,
ila wilaya ilizaa wilaya, tukaandika Ntoroko.
Nyoka hajasogea hata inchi.

Ya tano niliibandika mimi,
Kabasinguzi, mtunza chupa, mshahara wa tarehe isiyojulikana.
Vinasaba vimesema, mtoto wa kambo kajenga kwake:
Naja subfulva.
Nikalamba gundi. Nikaona nimetenda haki.

Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi,
baba alikuwa koplo, halafu sajenti, halafu koplo tena
(usiniulize),
na kila tepe lilipobandikwa au kubanduliwa
mama alimpokea mlangoni kwa neno moja,
Adyeeri,
akamvua viatu.
Empaako haina toleo jipya.

Basi ilikuwa Jumanne, mvua, umeme hakuna.
Simu kutoka Karugutu, Sista Katusabe, sauti imemkauka:
"Kuna mtoto hapa, Businge, miaka tisa,
ameumwa shambani kwa kakao. Kope zinamwangukia.
Nimetafuta nyoka wa huku kwenye kile kitabu ulichotuletea wewe,
kinasema subfulva.
Kikaratasi cha dawa kinataja saba,
subfulva hayumo!
Nimchome au nisimchome?"

Kitabu nilichowapelekea mimi.
Nilikuwa nimefuta melanoleuca kwa rula,
mstari mnyoofu, safi, kila ukurasa.

"Soma tena," nikamwambia. "Nisomee yote saba."
Akasoma polepole kama anayeita mahudhurio.
Wa nne alikuwa yeye,
kwa jina lake la zamani, amekaa kimya kwenye karatasi
iliyochapwa na watu wasiosoma majarida yetu.
"Huyo! Huyo wa nne, Sista. Ndiye. Mchome,
na mtafutieni pumzi, mpeni gari."
"Una hakika?"
Nikaiangalia chupa kwa tochi ya simu.
"Amebadilishwa jina tu," nikasema.
Sijawahi kusikia neno "tu" likiwa zito vile.

Wiki hiyo nilirudi Karugutu na kalamu.
Juu ya kila mstari wangu mnyoofu
nikaandika upya nilichokifuta,
kwa mkono, kwa upogo, yote mawili yasomeke,
na pembeni jina la Kitooro wanaloliita wenye shamba,
ambalo hakuna mkutano uliowahi kulipigia kura.

Mwezi uliofuata Businge aliletwa na shangazi yake,
mguu wa kushoto umefungwa, macho wazi kabisa.
Nilikuwa nimeandaa maelezo: jenasi, spishi,
kwa nini wanasayansi hugombana.
Hakuyangoja.
Alipita chupa ya moma, akapita ya chatu mchanga,
akachuchumaa kwa shida mbele ya rafu ya chini,
akazisoma lebo zote tano, midomo ikicheza,
kisha akaziba karatasi kwa kiganja
ili amwone vizuri.

"Ni huyu," akasema.

Mezani kwangu kuna makala mpya, kurasa kumi na sita.
Sijaifungua.
Gundi ipo.