Kumi na Sita

Badri ameziweka lenzi mbili juu ya kitambaa cha miwani.
Hii nyepesi, haifunguki kupita nne, bei naimudu.
Ile ni mbili nukta nane,
nzito kama chupa ya divai isiyoguswa,
na bei yake imemeza harusi tatu.

"Jaribu," anasema.
Kumi na sita: kuta za duka zinarudi nyuma,
feni, kalenda, paka wa dirishani, wote wamo.
Ila mkono wa Badri, pale pembeni,
umevutika kama donge la unga.

Jumamosi ni kanisa la mawe, juu ya Kutaisi,
madirisha membamba kama nyufa,
mishumaa, na kasisi asiyetaka flashi.
Kisha meza ya watu mia mbili,
na msema-heri amesimama, pembe ya divai mkononi,
hajamaliza hata kuwasifu wafu.

Mwaka jana, harusi ya Lamara,
nilikuwa na lenzi ya kuazima. Nilimbana shangazi Pelagia ukingoni mwa picha,
shavu likarefuka kama la farasi.
Nikaomba radhi. Aliitazama, akacheka mpaka akakohoa:
"Si kitu. Nimo."

Hakuwa na picha nyingine ya karibuni.
Mwezi wa pili wakaikata, wakaikuza,
ikasimama kando ya jeneza
na shavu lake lile lile.

Badri anapuliza vumbi kwenye kioo kizito.
"Awamu ngapi?"
Sita, nasema.
Halafu namwomba asogee kidogo,
aingie katikati.