Talakhi

Mji unaitwa Oni, nami sioni kitu.
Ukungu umelala juu ya mabati
kama mgonjwa aliyekataa kuamshwa.
Lamara ananikabidhi buti za marehemu kaka yake,
namba arobaini na tatu. Mguu wangu ni thelathini na tisa.
"Soksi tatu," anasema. "Tatu, na usibishe."

Ni Mei. Theluji imeyeyuka juzi
na mlima mzima umekuwa uji,
si uji wa kunywa, uji wa kumeza watu.
Hatua ya kwanza nilizama hadi kifundoni,
ya pili hadi ugokoni,
ya tatu mguu ukatoka, buti ikabaki,
nikasimama kwa mguu mmoja, soksi zikichuruzika.

Kuteleza si kuanguka, nilifundishwa.
Aliyenifundisha hakuwahi kupanda huku.
Niliteleza, nikaanguka,
nikateleza tena nikiwa chini.

Mbwa anatufuata. Hana mwenyewe.
Sikioni ana kibandiko cha plastiki, cha manjano, chenye namba:
serikali imemhesabu, imemchanja, imemwachia njia.
"Kama mimi na kibali changu cha ukaazi," nikasema.
Lamara hakucheka. Alimmegea mkate wa maharage.

"Hii mnaiitaje?" nikauliza, nikionyesha suruali yangu
ambayo asubuhi ilikuwa ya buluu.
"Talakhi."
"Rudia."
"Talakhi." Ile kh inakwaruza koo
kama mtu anayetaka kutema, asiteme.

Nikamweleza, wote wawili tukining'inia kwenye mzizi mmoja,
kwamba kwetu neno hilo, likiondolewa mkwaruzo,
ni karatasi.
Karatasi niliyoletewa kwa simu, picha imetikisika,
Novemba, nikiwa nje ya maabara na koti jeupe mkononi.
Saini, tarehe, mashahidi wawili,
na pembeni kidole gumba cha mpiga picha,
kimeingia bila kualikwa.
Kidole nilikijua. Kovu lake nililifunga mimi.

Miezi sita sijamwambia mtu.
Sasa nimemwambia mtu, na mbwa.

Lamara alinyamaza mwendo wa mita mia.
Nilidhani ananitafutia neno la pole.
Kumbe kicheko kilikuwa kinampanda, mabega kwanza:
"Basi umejaa talaka mpaka kiunoni!
Unayo hadi kwenye nywele!"
Nami nikamtazama, ambaye hajawahi kuolewa,
kapakwa kutoka kisigino hadi kidevuni.
"Na wewe je? Leo umeachwa mara ngapi?"
Mbwa akabweka, asijue amkinge nani.

Kwetu husemwa mtu ametopea.
Ametopea katika deni, ametopea katika mapenzi.
Miaka yote nimelitamka
nisisikie tope lililomo,
mpaka nilipovutwa kwapani, nikatoka na mlio wa kizibo,
na mwanamke wa milimani anayeuza miwani.

Kileleni hapakuwa na kitu.
Msalaba wa chuma, kopo la samaki, weupe.
Lamara aliapa kwamba mbele yetu kuna barafu ya kutisha,
akanyoosha kidole, akaita milima jina kwa jina,
nami nikawaitikia watoro wote: yupo, yupo, yupo.

Kushuka alisema, "Nela-nela."
Hilo sikuomba tafsiri. Nyayo zililielewa.

Mtoni tuliosha mikono, uso, suruali, hata mbwa.
Nilipoanza kusugua buti, akanishika mkono.
"Hizo ziache.
Zina miaka minne hazijachafuka."

Tukaziweka mlangoni kwao.
Mama yake akatoka, akainama, akazitazama muda mrefu,
tope likianza kupasuka pembezoni.
Akarudi ndani.
Akaja na magazeti ya zamani,
akazijaza kimya kimya, moja baada ya nyingine,
zisije zikakauka zikapoteza umbo la mguu.